Mfereji ukipita, nashusha pumzi

Maswali ya wasomaji kuhusu picha za ndani ya mwili, yanajibiwa na daktari wetu wa radiolojia

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia kiungo kimoja: kongosho. Sikushangaa. Ni kiungo ambacho wengi hulijua jina lake siku ileile wanapoambiwa lina shida. Nimesoma picha zake kwa miaka 26, na mpaka leo nikiona uvimbe kichwani pake huwa navuta kiti karibu na skrini.

*Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 58 na ameugua mchochota sugu wa kongosho, yaani kongosho kuwaka na kuvimba kwa muda mrefu, kwa karibu miaka 9. Mwezi uliopita macho yake yaligeuka manjano. CT, ile picha ya eksirei ya kompyuta, ikaonyesha uvimbe wa sentimita 3 kwenye kichwa cha kongosho, tukaambiwa afanyiwe MRI ili ijulikane kama ni saratani. Tumefanya. Ripoti inaishia hivi: “Mwonekano unaweza kuwa wa mchochota uliojikusanya kama uvimbe, saratani haiwezi kuondolewa.” Daktari, mtu akae ndani ya bomba dakika 40, halafu jibu liwe labda? Aliyesoma hajui kazi, au tutafute mashine yenye nguvu zaidi?*
— Binti wa mgonjwa

Marahaba mwanangu, na pole sana. Sentensi hiyo iliyokuudhi, yenye maana kwamba picha haitoshi kusema saratani haipo, nimeiandika kwa mkono wangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa hiyo acha nikueleze inatoka wapi.

Kongosho lina urefu wa sentimita kama 15. Limelala kwa upana nyuma ya tumbo la chakula. Kichwa chake kimekumbatiwa na pindo la utumbo mwembamba na mkia wake unafika kwenye wengu. Katikati yake, toka mkiani hadi kichwani, unapita mfereji mmoja mwembamba, ambao kwa mtu mzima mwenye afya hauzidi milimita 3 hivi. Huo ndio unaokusanya maji ya kumeng’enya chakula na kuyamwaga kwenye utumbo. Mfereji wa nyongo, ukishuka kutoka kwenye ini, nao hupenya kichwani humohumo kabla ya kufika utumboni. Ndiyo maana uvimbe wa kichwani, wa aina yoyote ile, hubana nyongo na kugeuza macho manjano. Manjano ya baba yametuambia shida iko wapi. Ni ya nini, hayajasema.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Watu hudhani saratani ni rundo la seli mbaya zilizoshikamana kama unga uliokandwa. Saratani ya kongosho iliyo ya kawaida, ile inayoanzia kwenye utando wa ndani wa mifereji na ambayo ni kama 9 katika kila 10, haiko hivyo. Sehemu kubwa ya uvimbe wake ni kovu: nyuzi ngumu zilizofumwa kuzunguka seli za saratani zilizotawanyika humo ndani. Na mchochota sugu nao, mwaka nenda mwaka rudi, hufanya kazi gani? Hugeuza kongosho kuwa kovu. Basi ukiiuliza picha “hiki ni nini?”, inakujibu kwa uaminifu kabisa: kovu. Ubishi unaanzia kwenye swali la pili, kovu la nani.

Na hapo bado. Saratani ikiziba mfereji, maji yanarudi nyuma na kuleta mchochota juu yake. Na mchochota uliokaa miaka mingi huongeza uwezekano wa saratani kuota. Kwa hiyo aliyesoma picha ya baba yako anajua kwamba vyote viwili vinaweza kuwa chumba kimoja, kimoja kimejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake.

Nikifungua picha za mtu kama baba yako, sianzi na uvimbe. Uvimbe huteka macho, na jicho lililotekwa halioni kingine. Naanza na mfereji.

MRI, kwa wasioifahamu, haitumii mionzi ya eksirei. Ni sumaku, kwa kawaida ya tesla 1.5 au 3. Hiyo ya 1.5 ina nguvu kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Inazipanga atomi za haidrojeni zilizomo kwenye maji na mafuta ya mwili, inazigusa kwa mawimbi ya redio, kisha inasikiliza zinavyorudi kwenye hali yake. Kila tishu ina namna yake ya kurudi, na sisi hugeuza tofauti hizo kuwa weupe na weusi. Mpangilio mmoja wa kupiga picha, unaoitwa MRCP na ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, huyaacha maji yaliyotulia yang’ae na kuzamisha kila kitu kingine gizani. Nyongo na maji ya kongosho huonekana kama mto na vijito vyake usiku wa mbalamwezi.

Nauliza swali moja tu: mfereji ukifika kwenye uvimbe, unafanya nini? Saratani imeanzia kwenye ukuta wa mfereji wenyewe, kwa hiyo kwa kawaida huuziba. Mfereji unakatika ghafla kama kamba iliyopitiwa na kisu, na nyuma ya hapo unatanuka. Mchochota huubana kwa nje. Mfereji unapungua kidogo kidogo, unajikunja, unajipenyeza, unatokea upande wa pili. Mwaka 2001 madaktari wa Japani, Ichikawa na wenzake, waliipa alama hiyo jina, mfereji unaopenya, wakaonyesha kwamba huonekana sana kwenye uvimbe wa mchochota na kwa nadra kwenye saratani. Nikiuona mfereji umepita katikati ya uvimbe, nashusha pumzi. Angalia vizuri nilichosema. Sijasema naandika “hakuna saratani”. Nashusha pumzi, halafu naendelea kutazama.

Mahali ambapo dawa ya sekretini inapatikana, tunaweza kuusaidia mfereji ujieleze. Sekretini ni homoni iliyogunduliwa na Bayliss na Starling mwaka 1902. Mgonjwa akichomwa mshipani, kongosho linamwaga maji kwa wingi, na baada ya dakika chache mfereji uliosinyaa unajaa. Nimewahi kuona mfereji niliokuwa tayari kuapa kwamba umekatika, ukajitokeza taratibu mbele ya macho yangu, picha baada ya picha, mpaka ukafika utumboni. Siku hiyo nilifuta aya nzima ya ripoti.

Baada ya mfereji nasogea kwenye mengine. Vijito vya pembeni vilivyotanuka ndani ya uvimbe wenyewe, na mfereji wenye mabonde na vilima kama shanga, hunivuta upande wa mchochota. Mfereji mpana ndani ya kongosho lililokonda upande wa mkiani, pamoja na mfereji wa nyongo uliotanuka na kukatwa kiwango kilekile, hunivuta upande wa saratani. Mshipa mkubwa unaolisha utumbo ukiwa umevikwa tishu ngumu pande zote, hunivuta zaidi. Mawe ya chokaa yanasemea mchochota wa muda mrefu, ila hayo CT huyaona vizuri kuliko MRI, ndiyo maana huwa nataka CT iwe pembeni ya MRI ninaposoma. Picha yenyewe, siyo karatasi ya ripoti! Mtu akiniletea ripoti bila picha ni kama kaniletea maelezo ya sura ya mtu niliyeombwa kumtambua.

Kuhusu dawa ya gadolini anayochomwa mgonjwa katikati ya kipimo: kongosho lenye afya huifyonza haraka, sekunde 35 hadi 45 hivi baada ya kuchomwa, na saratani hubaki nyuma, nyeusi, kisha hung’aa polepole. Ungedhani hapo tumemaliza. Lakini kovu la mchochota nalo huchelewa hivyohivyo. Kuna na picha inayopima jinsi maji yanavyotembea kati ya seli. Seli zikisongamana maji hukwama na mahali pale hung’aa. Madaktari wanafunzi wanaipenda mno kwa sababu inatoa namba, na namba huonekana kama ushahidi. Tatizo ni kwamba namba za saratani na za mchochota zinaingiliana. Mimi naiamini zaidi inapotafuta madoa madogo kwenye ini, kwa sababu doa la saratani iliyosambaa huko linaweza kumaliza ubishi wote wa kongosho.

Kwa hiyo, mashine yenye nguvu zaidi? Tesla 3 inaweza kukupa picha kali zaidi, na kovu litabaki kovu. Kabla ya kumhamisha baba, ningeuliza mambo mengine. Je, MRCP ilifanyika, au ilipigwa MRI ya tumbo ya jumla tu? Picha zilipigwa kabla ya kuwekewa mrija wa kufungua nyongo, au baada? Mrija ukishaingia, eneo lote huvurugika na kusoma kunakuwa kugumu, ndiyo maana tunaomba tupige kwanza pale hali ya mgonjwa inaporuhusu. Na zaidi ya yote, picha za zamani ziko wapi? Mtu wa miaka 9 ya mchochota hakosi CT ya nyuma. Pekueni kabati, muulizeni shangazi anayetunza kila karatasi. Uvimbe uliokuwepo vilevile miaka 3 iliyopita ni habari moja. Ambao haukuwepo kabisa ni habari nyingine, na tofauti hiyo hakuna sumaku inayoweza kuniambia.

Hatua inayofuata kwa kawaida ni endoskopi yenye ultrasaundi. Mpira unapita mdomoni mpaka tumboni. Kutoka hapo kongosho liko jirani kabisa, na sindano nyembamba inachukua kinyama cha kupima. Jibu likija “kuna seli za saratani”, basi limekuja. Likija “hazikuonekana”, usiandae sherehe bado, maana kwenye kongosho lililojaa kovu la zamani sindano hukosa kirahisi zaidi. Mara nyingine inarudiwa. Ombeni picha za baba zijadiliwe kwenye meza moja na daktari wa upasuaji, wa mfumo wa chakula, wa picha na wa maabara ya kinyama. Sentensi ya “haiwezi kuondolewa” imeandikwa kwa ajili ya meza hiyo.

*Daktari, kaka yangu wa miaka 63 aligeuka manjano bila maumivu. MRI ikaonyesha kongosho limevimba lote. Kinyama kilichochukuliwa hakikuonyesha saratani. Damu ikaonyesha kitu kinachoitwa IgG4 kiko juu sana. Sasa daktari wake anataka kumpa steroidi, dawa za kutuliza mchochota, kwa wiki 2, kisha picha irudiwe. Wapo ndugu wanaosema kaka anafanywa wa majaribio, wengine wanataka apasuliwe mara moja kabla mambo hayajaharibika. Wewe unasemaje?*
— Mdogo mtu

Ndugu yangu, barua yako imenirudisha mahali ambapo sipendi kurudi, lakini nitarudi.

Zamani, nikiwa bado mgeni wa kazi, nilisoma picha za mwanamume mmoja mwenye uvimbe kichwani mwa kongosho. Manjano, kakonda, hana maumivu. Nikaandika saratani, sentensi fupi, bila “labda” wala “inawezekana”, nilijiona hodari. Akafanyiwa upasuaji wa Whipple, ambao huondoa kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo, kifuko cha nyongo, kisha vilivyobaki vinaunganishwa upya. Maabara ikajibu: hakuna seli hata moja ya saratani. Ulikuwa mchochota ambao kinga ya mwili hulishambulia kongosho lake yenyewe, ugonjwa ambao ungeweza kuyeyushwa kwa vidonge. Alipona. Alikuja hata kunishukuru, akidhani tumemwokoa na saratani, mpaka daktari wake alipomweleza. Sijui kama kuna shukrani iliyowahi kuniuma kama ile.

Sikuwa peke yangu. Katika upasuaji 100 wa namna hiyo unaofanywa kwa kushuku saratani, kama 5 hadi 10 huishia kukuta ugonjwa usio saratani, na mchochota wa kinga ni mmoja wa wanaotudanganya. Jina lake lilipendekezwa na watafiti wa Japani mwaka 1995, na mwaka 2001 watafiti wengine wa Japani wakaonyesha kwamba kingamwili ya aina ya IgG4 hupanda kwa wagonjwa wengi wa namna hii.

Kwenye MRI una sura yake. Kongosho hujaa na kunyooka kama soseji, zile kingo zake zenye mikunjo zikapotea. Mara nyingine kuna mkanda mwembamba mweusi unalizunguka kama ganda. Mfereji umekonda kwa urefu mkubwa, au sehemu kadhaa mbalimbali, na jambo ninalolitafuta kwa hamu: nyuma ya sehemu iliyobanwa haujatanuka sana. Saratani ikibana kiasi kile, mfereji wa nyuma ungekuwa umefura. Kisha natoka nje ya kongosho. Naangalia figo kama zina madoa, na mifereji ya nyongo ndani ya ini kama imebanwa, maana ugonjwa huu hupenda kutembelea viungo vingine. Wengine wanakuja na tezi za mate zilizovimba ambazo hakuna aliyewahi kuziunganisha na tumbo.

Ugonjwa huu ukikusanyika sehemu moja tu badala ya kuenea kongosho zima, hata mimi wa leo, mwenye nywele nyeupe, hutoa kauli kwa tahadhari. Kwenye picha ya mtembeo wa maji hung’aa kama saratani, pengine na zaidi.

Kumpa steroidi kwa muda mfupi si kumfanyia majaribio. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2011 vinalihesabu itikio la steroidi kuwa sehemu ya utambuzi wenyewe. Ila kuna masharti, na kutokana na maelezo yako naona daktari wake anayajua: saratani itafutwe kwanza kwa sindano, muda uwe mfupi na wenye tarehe, na picha irudiwe kwa mashine na mpangilio uleule. IgG4 pekee haitoshi, kwa sababu baadhi ya wagonjwa wa saratani nao hupandisha.

Jambo moja nataka ulishike wewe na ndugu zako wote. Steroidi humchangamsha mtu. Hamu ya kula inarudi, uso unajaa, anaanza kucheka. Hata mwenye saratani anaweza kuchangamka hivyo. Kwa hiyo swali la siku ya 14 lisiwe “kaka anajisikiaje?” Liwe: kongosho limepungua? Mfereji umefunguka? Vikiwa hivyo, steroidi itaendelea kwa mpango wa kupunguzwa polepole. Visipokuwa hivyo, nduguzo waliotaka kisu watakuwa na hoja, na mtarudi kwa daktari wa upasuaji wiki hiyohiyo.

*CA 19-9 yangu ni 61. MRI haina uvimbe wowote. Nina mawe kwenye kifuko cha nyongo. Nani anasema kweli, damu au picha?*
— Asiyelala usingizi

Lala. CA 19-9 ni kipimo cha damu ambacho mara nyingi hupanda kwenye saratani ya kongosho. Kikomo kinachotumika na maabara nyingi ni 37, na mawe yanayosumbua njia ya nyongo yanatosha kukipandisha kipimo hicho. Hata mchochota hukipandisha. Upande wa pili, wapo watu ambao kwa maumbile ya damu yao hawatengenezi kabisa CA 19-9, hao wanaweza kuwa na saratani na kipimo kikasoma karibu sifuri. Kipimo hiki hufaa zaidi kufuatilia saratani iliyokwisha kujulikana. Yashughulikie mawe, kisha kirudie njia ya nyongo ikiwa imetulia. Kikiendelea kupanda wakati huo, rudi kwa daktari wako na namba zote mbili mkononi.

*Mimi ni mwanamke wa miaka 56, sinywi pombe, sina mawe ya nyongo. Miezi 5 iliyopita nililazwa kwa maumivu makali ya tumbo, MRI ikasema “mchochota kwenye mkia wa kongosho”. Nilitibiwa, nikaruhusiwa. Tangu hapo nimepungua kilo 7 bila kujinyima chakula na mwezi uliopita nimeambiwa nina kisukari, wakati kwetu hakuna mwenye kisukari. Je, niendelee kutulia kwa kuwa MRI haikutaja saratani?*
— Mama wa watoto wanne

Hapana, mama. Usitulie, na usisubiri toleo lijalo la gazeti hili. Wiki hii nenda kwa daktari wako na sentensi hizo nne ulizoniandikia; umezipanga vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazopokea.

MRI iliyopigwa katikati ya mchochota mkali inasomwa kwa shida. Kongosho limevimba, maji yamesambaa pande zote, mipaka imefutika. Saratani ndogo iliyoziba tawi la mfereji inaweza kuwa ndiyo iliyowasha mchochota huo, kisha ikajificha ndani ya moto iliouwasha. Kwa sababu hiyo, mtu aliyevuka miaka 40 akipata mchochota usio na chanzo kinachoeleweka, sisi hupenda picha irudiwe moto ukishazimika, wiki 6 hadi 8 hivi baadaye. Inavyoonekana kwako hilo halikufanyika, au lilifanyika na hukuambiwa.

Nakuandikia kwa ukali kidogo kwa sababu ninalo kosa la upande huu pia. Baada ya yule mwanamume wa Whipple niligeuka mwoga wa neno saratani. Miaka michache baadaye nikasoma picha ya mama mmoja, nikaandika mchochota wa mkia, nikaishia hapo, wala sikuandika “irudiwe”. Aliporudi, mshipa wa wengu ulikuwa umeziba na ini lilikuwa na madoa. Nilikwenda kuitoa picha ya kwanza. Mfereji ulikuwa umekatika, milimita chache tu ndani ya ule uvimbe, mahali ambapo ningeuona kama ningeutafuta. Ndipo nilipoanza mazoea ya kuanza na mfereji.

Kisukari kinachojitokeza ghafla baada ya miaka 50, kikiandamana na kukonda, ni sababu ya kulitazama kongosho upya. Wengi wenye kisukari kipya hawana saratani, na inawezekana mchochota wenyewe ndio ulioharibu seli zako za insulini. Lakini hilo liamuliwe kwa picha mpya: MRI pamoja na MRCP na gadolini, au CT iliyopangwa mahususi kwa kongosho, ilinganishwe na ile ya miezi 5 iliyopita. Mwambie daktari aandike kwenye fomu ya kuomba kipimo: mchochota bila chanzo, kilo 7, kisukari kipya. Fomu zinazoandikwa “maumivu ya tumbo” peke yake hunifanya nitazame kila mahali na nisitafute popote.

*Naogopa bomba la MRI. Nimeambiwa nitashikilia pumzi mara nyingi, na kwamba nitapewa juisi ya nanasi ninywe. Mtani wangu ameniambia nimetaniwa. Je, ni kweli? Na nikishindwa kushikilia pumzi?*
— Mwoga wa giza

Hujataniwa. Juisi ya nanasi ina madini ya manganizi, na kwenye picha za MRCP hufanya maji yaliyo tumboni yageuke meusi, yasing’ae na kufunika mfereji ulio nyuma yake. Kuna dawa za viwandani za kazi hiyohiyo, ila nanasi nalo linafanya. Kabla ya hapo utakaa saa 4 hadi 6 bila kula, ili utumbo utulie na kifuko cha nyongo kijae. Watakuuliza kuhusu betri ya moyo, vyuma vilivyobaki mwilini baada ya ajali au upasuaji, na ugonjwa wa figo kwa ajili ya gadolini. Jibu kila swali hata kama umeulizwa na watu watatu kwa zamu.

Bomba liko wazi pande zote mbili na lina taa. Litakupigia kelele kama mtu anayegonga bati, kwa hiyo dai vizibo vya masikio kama hawajakupa. Omba kitambaa machoni kabla hujaingizwa, siyo baada ya kuliona dari limekukaribia; wagonjwa wangu wengi waoga walivuka kwa kitambaa hicho. Utakuwa na kengele mkononi. Ukibonyeza, unatolewa, na hakuna atakayekucheka.

Pumzi ni sekunde 15 hadi 20 kila mara. Kongosho hupanda na kushuka pamoja na kiwambo cha mapafu, na mfereji wa milimita 2 ukitikisika hauonekani tena. Jifunze nyumbani ukiwa umelala chali: vuta, toa, kisha shikilia ukiwa umetoa, maana ukishikilia baada ya kutoa pumzi kongosho hurudi karibu palepale kila mara, lakini ukivuta, leo unajaza sana, kesho kidogo. Ukiona huwezi, mwambie mpiga picha kabla ya kuanza. Ipo mipangilio inayofuata mwendo wa pumzi yako yenyewe. Inachukua dakika zaidi, na kazi yako inakuwa moja tu, kupumua taratibu bila kusinzia, maana anayesinzia hukoroma, na anayekoroma hutikisa kongosho.